Jino la mwisho: kupoa si kupona



Juma hili katika ukurasa wetu wa afya ya nyumba tutaongea juu ya jino. Si jino la maziwa la mtoto mdogo, ni lile gego la mwisho kule nyuma kabisa, linalotoka wakati kijana anamaliza shule. Kwa Kifaransa wanaliita jino la hekima, kwa kuwa linakuja na umri wa akili. Lakini katika nyumba zetu nyingi linaleta usiku bila usingizi, na mara nyingine linaleta hatari ya kweli.

Tumechagua jambo hili kwa sababu ya yale yaliyompata binti ya mwenzetu mmoja wa kundi. Mama yake ametupa ruhusa tueleze, mradi tusitaje jina wala mtaa.

Binti huyo ana miaka 19. Mwaka uliopita alikuwa anamaliza sekondari, akijitayarisha kwa Exetat. Mwezi wa pili, jino la nyuma upande wa chini likaanza kumuuma. Mama akaenda farmasi ya kona ya avenyu, akanunua plaketi moja ya amoksisilini. Binti akameza siku tatu, maumivu yakapoa, na vidonge vilivyobaki akapewa mdogo wake juu ya kikohozi. Mwezi wa tatu maumivu yakarudi. Wakanunua plaketi nyingine. Mwezi wa tano yakarudi tena, na safari hii shavu lilikuwa limevimba kidogo.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa tunamfundisha. Tulimwona darasani ameegemeza shavu mkononi, tukamwambia akae vizuri. Hatukumuuliza anaumwa nini. Tunalikiri hapa mbele yenu, kwa sababu kosa halikuwa la mama peke yake.

Usiku wa kuamkia mtihani, uvimbe ulishuka chini ya taya mpaka shingoni. Kinywa hakikufunguka hata kupitisha kijiko. Mate yalikuwa yanamtoka kwa sababu hakuweza kuyameza, na sauti ilibadilika. Saa nane ya usiku baba yake alisimamisha pikipiki barabarani, wakamweka binti katikati. Hospitalini walimpa dawa kwa mshipa, wakapasua uvimbe kutoa usaha, wakamlaza siku tisa. Jino lenyewe lilitolewa baadaye. Leo yuko mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini mtihani ulimpita, na mwaka huu amerudi kukaa kwenye benchi lile lile.

Mama yake anasema linalomsumbua mpaka leo ni hili: kila mara maumivu yalipopoa, aliamini mtoto amepona. Ndiyo maana tunaandika. Kupoa si kupona, na kwa jino hili maneno hayo ni ya kweli kuliko kwa meno mengine yote.

Jino hili ni lipi?

Tueleze kama tunavyoeleza darasani. Magego ya utu uzima yanatoka kwa zamu. Ya kwanza yanatoka karibu na miaka 6, ya pili karibu na miaka 12, na ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, mara nyingi kati ya miaka 17 na 25. Mtu mzima mwenye meno yote ana 32, na kati yake 4 ni haya ya mwisho: moja katika kila pembe ya kinywa, mawili juu na mawili chini. Kuna watu wasio na yote manne, na kuna wasioota hata moja. Huo si ugonjwa.

Sasa fikirini benchi la shule ambalo watoto watatu wamekwisha kukaa, na wa nne anafika kwa kuchelewa. Nafasi ikiwa inatosha, anakaa vizuri na darasa linaendelea. Nafasi ikiwa ndogo, anakaa nusu, nusu nyingine inabaki nje. Mwingine anaingia kwa ubavu na kumsukuma jirani yake. Na mwingine anabaki nje ya mlango kabisa, hakuna anayemwona. Jino la mwisho linafanya vivyo hivyo. Linaweza kutoka wima na kutafuna kama mengine. Linaweza kutoka nusu. Linaweza kulala kwa ubavu ndani ya mfupa na kulisukuma gego la mbele yake. Au linaweza kubaki limezikwa miaka yote bila kusema neno.

Linalotusumbua zaidi ni lile lililotoka nusu, hasa chini. Juu yake kunabaki kipande cha ufizi kama kifuniko. Chembe za bukari, majani ya sombe na nyuzi za nyama zinaingia chini ya kifuniko hicho, na mswaki haufiki. Vijidudu vinazaliana humo. Ufizi unavimba, jino la juu linauuma kila mtu anapotafuna, kinywa kinanuka, taya linakaza.

Hapo ndipo mtaelewa kwa nini amoksisilini ya farmasi haikumponya yule binti. Dawa inaweza kupunguza vijidudu vya juma lile, lakini kifuniko kinabaki pale pale, na chakula cha kesho kitaingia tena kwa mlango ule ule. Tena, kumeza siku tatu na kuacha, au kugawa plaketi moja kwa watoto wawili, kunavizoeza vijidudu dawa. Siku mtakayoihitaji kwa kweli, itakuwa imepungua nguvu. Dawa hizo zimezwe kama munganga alivyoandika, kwa kipimo na siku alizosema, na za mtu mmoja zisiwe za wawili.

Je, kila jino la mwisho litolewe?

Hapana. Kuna wazazi ambao wakisikia habari kama hii watataka watoto wao wote watolewe meno manne mara moja. Si lazima. Nchini Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, iitwayo NICE, ilitangaza mwaka 2000 kwamba jino la mwisho lenye afya lisitolewe kwa kujikinga tu, kwa sababu kulitoa nako kuna maumivu yake na hatari zake. Jino lililo wima, safi, lisilouma, tuliache lifanye kazi yake.

Munganga wa meno anashauri kulitoa kama kuna sababu: ufizi wake umevimba mara kwa mara, au mara moja tu lakini vibaya, limeoza na haliwezi kuzibwa, linaharibu gego la jirani, au picha ya radio imeonyesha kifuko cha maji kinachokula mfupa. Yule binti alikuwa na sababu ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Kama angeonwa siku hizo, kazi ingekuwa ndogo, na mtihani angeufanya.

Nyumbani tufanye nini wakati tunangojea?

Chukueni glasi ya maji ya vuguvugu, safi, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa asukutue pole pole mara nne au zaidi kwa siku, hasa baada ya kula. Aendelee kupiga mswaki mpaka kule nyuma. Mswaki wa mtoto, wenye kichwa kidogo, unafika vizuri zaidi. Wengi wanaacha kupiga mswaki upande unaouma, na hilo linazidisha ubaya.

Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo ya kwanza. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi anaweza kumeza vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku. Ibuprofeni inasaidia pia, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, wala kwa mama mwenye mimba bila munganga kusema.

Tusiweke aspirini juu ya ufizi, inaunguza nyama. Tumesikia pia habari za petroli, hata za asidi ya betri. Wamama, hizo ni sumu. Tusitoboe uvimbe kwa sindano wala kwa wembe. Na tusimpeleke mtoto kwa mtu anayeng'oa meno nyuma ya nyumba kwa koleo. Jino la mwisho lina mizizi iliyopinda, na la chini liko karibu na mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye mdomo na kidevu. Anayelivuta bila kujua anaweza kuvunja mzizi na kuuacha ndani, au kuacha nusu ya mdomo bila hisia. Na koleo isiyochemshwa vizuri inaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Alama za kutongojea asubuhi

Mama, kata sehemu hii uibandike ukutani. Mgonjwa akiwa na alama hata moja kati ya hizi, ni hospitali mara moja, hata kama ni usiku, hata kama ni siku ya mtihani:

– uvimbe unashuka chini ya taya au shingoni;
– kinywa hakifunguki kupitisha vidole viwili;
– anashindwa kumeza, mate yanamtoka;
– ulimi umeinuliwa na uvimbe wa chini yake, au sauti imebadilika;
– anapumua kwa shida, au hawezi kulala chali;
– ana homa kali na kutetemeka pamoja na uvimbe.

Ugonjwa wa jino ukishuka chini ya ulimi na shingoni unaweza kuziba njia ya hewa. Munganga Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza tangu mwaka 1836, na nyakati zile, kabla ya dawa za kuua vijidudu, wagonjwa wengi walikufa. Leo unatibika, lakini unataka hospitali, mshipa na kisu cha munganga. Plaketi ya farmasi haitoshi tena.

Siku ya kulitoa

Kwanza munganga anaangalia, kisha anaomba picha ya radio ili aone mizizi imelalaje na mshipa wa fahamu uko wapi. Picha hiyo si anasa. Kama ufizi umevimba sana siku ile, mara nyingi atasafisha na kutoa dawa kwanza, kisha atapanga siku ya kutoa.

Mwambieni kila kitu kabla hajashika chombo: kama mgonjwa ana SS, ana sukari, ana tansyo, ana ugonjwa wa moyo, ana mimba, anatokwa damu kwa urahisi, amemeza aspirini siku hizi au anatumia dawa za mizizi na majani, au penisilini ilimfanya avimbe siku moja. Msione haya. Neno moja mlilolisahau linaweza kugeuza kazi yote.

Mnayo haki pia ya kuangalia. Sindano ifunguliwe mbele yenu, glavu ziwe mpya, vyombo viwe vimetoka kwenye mashine ya mvuke inayoua vijidudu. Kuuliza kwa adabu si dharau.

Sindano ya ganzi inauma kidogo, halafu sehemu inalala. Mgonjwa atasikia kusukumwa na kuvutwa, na atasikia sauti, lakini hapaswi kusikia maumivu makali. Akiyasikia, ainue mkono aongezewe. Kama jino limezikwa, munganga anafungua ufizi, anapunguza mfupa kidogo, na mara nyingine analikata jino vipande ili litoke bila nguvu nyingi. Mwishoni anashona. Kwa kawaida kazi yote haimalizi saa moja.

Baada ya kurudi nyumbani

Siku ya kwanza: aume kitambaa cha munganga kwa dakika 30 bila kufungua kila wakati kuchungulia. Asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinyonye kinywaji kwa mrija. Ile damu iliyoganda kwenye shimo ni kifuniko chema; ikitoka, mfupa unabaki wazi. Asile mpaka ganzi imalizike, asije akajiuma mdomo. Sashe ya maji baridi iliyofungwa katika kitambaa, ikiwekwa shavuni dakika 15 na kupumzishwa, inapunguza uvimbe. Usiku alaze kichwa juu ya mito miwili.

Kuanzia siku ya pili: maji ya chumvi ya vuguvugu baada ya kila chakula, bila kusukutua kwa nguvu. Uji uliopoa, ndizi iliyoiva, mayai, supu isiyo moto, bukari laini. Mswaki kwa meno mengine kama kawaida. Sigara na pombe aache kwa juma zima angalau.

Msishtuke uvimbe ukizidi siku ya pili au ya tatu. Ndiyo kawaida, kisha unashuka. Damu kidogo kwenye mate siku ya kwanza pia ni kawaida. Lakini damu ikimwagika, aume kitambaa safi dakika 30, isipokoma, arudi. Na kama siku ya tatu au ya nne maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, yanapanda sikioni, na shimo linanuka, ile damu iliyoganda imetoka. Arudi, munganga atasafisha na kuweka dawa ndani. Mdomo ukibaki na ganzi mpaka kesho yake, amwambie pia. Mara nyingi hisia inarudi polepole, lakini inafaa afuatiliwe.

Maneno tunayoyasikia

Tunasikia kwamba kutoa jino la juu kunapofusha macho. Si kweli. Mshipa wa kuona na mshipa wa jino ni viwili tofauti. Jicho linaweza kuuma pamoja na jino kwa sababu maumivu ya uso yanatembea, lakini kuona hakutoki kinywani.

Tunasikia kwamba mwenye mimba au anayenyonyesha haguswi jino. Si hivyo. Ganzi ya kawaida ya meno inaweza kutumiwa kwake, na kazi isiyo ya haraka inapangwa vizuri zaidi kati ya mwezi wa nne na wa sita. Ugonjwa unaovimba haungojei kujifungua. Ila asijinunulie dawa: tetrasiklini, kwa mfano, inaharibu rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni.

Na franka?

Tunajua swali hili linangoja tangu mwanzo. Mama wa binti hakuwa mzembe. Alipima: franka za mtihani, kodi ya nyumba, na plaketi ilikuwa rahisi. Lakini alipofanya hesabu mwishoni, plaketi tatu, siku tisa za hospitali na mwaka mmoja wa shule vilizidi mara nyingi bei ya kuonwa mapema.

Wanganga wa meno ni wachache. Shirika la Afya Duniani linaonyesha kwamba kwa wastani Afrika haina hata mmoja kwa kila watu 10,000. Kwa hiyo tusingojee saa ya mwisho kumtafuta. Ulizeni katika hospitali kubwa za mji wetu, kama Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, siku za huduma ya meno ni zipi. Kabla ya kuanza, ombeni hesabu yote kwa pamoja: kuonwa, picha, kutoa, dawa, na siku ya kurudi, ili msishangae katikati ya kazi.

Kwa makundi yenye likelemba tunapendekeza jambo moja dogo: pembeni ya mchango wa zamu, kila mama aweke kiasi kidogo katika mfuko wa ugonjwa, uwe na kitabu chake na mweka hazina wake. Mama ambaye zamu yake haijafika apate pa kugonga usiku wa manane. Wenye maoni wayalete kwenye mkutano ujao.

Kazi ya juma hili, kwa sababu mwalimu haachi darasa bila kazi: jioni moja, kaeni na kijana wenu wa miaka 16 mpaka 25. Afungue kinywa, muwashe taa ya simu, mwangalie kule nyuma. Mkiona jino limetoka nusu, ufizi mwekundu, au mkimsikia anasema "linaumaga halafu linaacha", msifurahie kuacha kwake. Andikeni tarehe. Likirudi mara ya pili, ni kwa munganga.

Na sisi walimu tumepata somo letu. Siku hizi tukimwona mtoto ameegemeza shavu mkononi, tunauliza kwanza.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.